Msumbiji: Baraza la mkoa lina mamlaka gani, na mamlaka hayo yanaishia wapi?

Kijiji cha Mute kiko kusini mwa mji wa Palma, katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mwambao wa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mnamo Desemba 2020 wapiganaji wenye silaha walikivamia kijiji hicho, na miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma wenyewe ukashambuliwa. Wilayani humo humo, kwenye rasi ya Afungi, ndiko uliko mradi wa gesi asilia unaoongozwa na kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies, wenye thamani ya takriban dola bilioni 20 za Marekani.

Katika miaka hiyo hiyo, mkazi wa Mute alipewa kura yenye uzito mpya. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2019, kura ya kuchagua baraza la mkoa ndiyo pia inayoamua nani atakuwa gavana wa Cabo Delgado, cheo ambacho tangu uhuru kilikuwa kikitolewa na rais aliyeko Maputo. Yakisomwa kwenye karatasi, hayo ni mageuzi makubwa. Hata hivyo, Katiba iliyoyaleta imetaja pia mambo ambayo baraza na gavana wake hawana mamlaka nayo, na miongoni mwa mambo hayo mna ulinzi wa nchi, usalama wa raia, madini, nishati na rasilimali za baharini. Yale mawili yaliyoyapindua maisha ya watu wa Palma, yaani vita na gesi, yote yamo nje ya milango ya baraza wanalolichagua.

Ili kuelewa kwa nini mambo yalipangwa hivyo, ni lazima kuanza na namna mabaraza haya yalivyozaliwa, kwa kuwa hayakuzaliwa kwa ajili ya Cabo Delgado wala kwa ajili ya gesi.

Chombo cha zamani chenye jina jipya

Mabaraza ya mikoa si wazo geni Msumbiji. Mwaka 1977, miaka miwili baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, serikali ya chama kimoja cha Frelimo iliandaa uchaguzi wa mabaraza ya umma, kuanzia ngazi ya chini kabisa vijijini hadi taifa. Ngazi ya chini watu walikutana hadharani na wangeweza kumkataa mgombea mbele yake. Ngazi za juu, mkoa ukiwa mmojawapo, wajumbe walichaguliwa na mabaraza yaliyo chini yao. Mkulima wa Palma hakumpigia mjumbe wa mkoa kura ya moja kwa moja, na vyama vingine havikuwapo.

Katiba ya mwaka 1990 ilifungua mlango wa vyama vingi, na Mkataba wa Amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992 ukavimaliza vita kati ya Frelimo na Renamo. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1994, lakini ulikuwa wa rais na wabunge tu. Manispaa ndizo zilizotangulia kupata viongozi wa kuchaguliwa mashinani, mwaka 1998, zikiwa 33 nchi nzima. Zimeongezeka hadi kufikia 65, ila kijiji kama Mute kimebaki nje ya mpaka wa manispaa yoyote. Mkazi wake hana meya, wala hana diwani.

Mabaraza ya mikoa yaliingia katika Katiba ya mwaka 2004, yakatungiwa sheria mwaka 2007, na wajumbe wake wakachaguliwa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2009 katika mikoa 10. Jiji la Maputo, ingawa lina hadhi ya mkoa, halimo katika utaratibu huu kwa kuwa lina baraza lake la manispaa. Frelimo ilipata wingi katika mabaraza yote 10. Hapo mabaraza yalikuwa na kazi ya kupitisha mpango na kuusimamia utekelezaji wake, ilhali anayesimamiwa, gavana, alikuwa mteule wa rais na hakuwa na sababu ya kuwaogopa. Ni vigumu kuuita usimamizi mpango ambao msimamiwa anajibu kwa mtu mwingine kabisa.

Udhaifu huo ulidhihirika baada ya uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba 2014. Renamo ilipata wingi wa viti katika mabaraza ya Sofala, Tete na Zambezia, na mgombea wake wa urais, Afonso Dhlakama, akawa na kura nyingi katika mikoa kadhaa ya kati na kaskazini. Magavana wa mikoa hiyo, hata hivyo, waliendelea kuteuliwa na rais, na wakatoka Frelimo. Dhlakama alidai haki ya kuongoza mikoa sita. Mwanasheria wa katiba Gilles Cistac, aliyesema hadharani kwamba Katiba haizuii mikoa kupewa utawala wake wenyewe, alipigwa risasi na kuuawa jijini Maputo tarehe 3 Machi 2015. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, Bunge liliukataa muswada wa Renamo wa mikoa yenye mamlaka ya ndani. Mapigano yakarejea katika maeneo ya kati.

Suluhu ilipatikana katika mazungumzo ya ana kwa ana na ya simu kati ya Dhlakama na Rais Filipe Nyusi. Rais alitangaza makubaliano Februari 2018. Dhlakama akafariki dunia tarehe 3 Mei kabla ya kuyaona yakiwa sheria. Na tarehe 23 Mei Bunge likaibadilisha Katiba. Mkataba rasmi wa amani ulitiwa saini Maputo tarehe 6 Agosti 2019 na Nyusi pamoja na mrithi wa Dhlakama, Ossufo Momade.

Kwa hiyo gavana wa kuchaguliwa ni zao la kumaliza mgogoro wa vyama viwili kuhusu mikoa ya kati. Cabo Delgado, ambako mashambulizi yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, iliingizwa tu katika utaratibu uliokwisha kukatwa na kushonwa kwa kipimo cha wengine.

Gavana hupatikana vipi

Hakuna karatasi ya kura ya ugavana. Mpiga kura hupewa karatasi tatu siku ya uchaguzi mkuu: ya rais, ya Bunge na ya baraza la mkoa. Katika hii ya tatu huchagua chama, muungano wa vyama au kundi la wananchi lililowasilisha orodha ya wagombea. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, na kila wilaya huwa eneo la uchaguzi lenye idadi yake ya viti. Cabo Delgado ina wilaya 17, Palma ikiwa mojawapo.

Gavana ni yule aliyetajwa kuwa kinara wa orodha iliyopata kura nyingi kuliko nyingine katika mkoa mzima. Si lazima orodha hiyo ivuke nusu ya kura. Ikitokea vyama vitatu vikagawana kura, kinara wa chama kilichopata theluthi moja na ushei anaweza kuwa gavana, akakuta mbele yake baraza ambalo wapinzani wake wakiungana ni wengi kuliko watu wake. Hali hiyo ingeyapa mabaraza nguvu halisi. Mpaka sasa haijatokea: katika uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba 2019 Frelimo ilishinda mikoa yote 10, hata ile ambayo Renamo ilikuwa ikiihesabu kuwa ngome zake. Renamo iliyapinga matokeo. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024, uliofuatwa na maandamano makubwa nchini, Frelimo ilitangazwa tena mshindi katika mikoa yote.

Cabo Delgado ilimpata Valige Tauabo kuwa gavana wake wa kwanza wa kuchaguliwa, naye akarejea madarakani baada ya uchaguzi wa 2024. Aliyemtangulia, Júlio Parruque, alikuwa mteule wa rais. Mwaka huo huo wa 2019 chama chake kilimweka kinara wa orodha katika mkoa wa Maputo, kusini mwa nchi, naye akawa gavana wa kuchaguliwa huko. Mfano huo unaonyesha kwamba nani aongoze orodha, na wapi, huamuliwa kwanza ndani ya chama. Mpiga kura huyakuta majina yakiwa yamekwisha pangwa.

Kazi ya kila siku ya baraza

Wajumbe huchaguliwa kwa muda wa miaka 5. Baraza la Cabo Delgado lina makao yake Pemba, mji mkuu wa mkoa. Pwani ya Waswahili baraza ni pale mbele ya nyumba, anapoketi yeyote apitaye; hili la Pemba liko mamia ya kilomita kutoka Mute, kwenye barabara ambayo kwa miaka kadhaa haikupitika bila ulinzi. Lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba ni Kireno, wakati watu wa wilaya ya Palma huzungumza nyumbani Kimakwe, Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Mjumbe anayewawakilisha ana kazi ya kutafsiri kabla hata hajaanza kazi ya kuwakilisha.

Baraza lina kazi kuu tatu. Hupitisha programu ya miaka mitano ya gavana, hupitisha mpango na bajeti ya kila mwaka, na huchunguza jinsi vilivyotekelezwa. Gavana anaongoza Halmashauri ya Utendaji ya Mkoa, ambayo wakurugenzi wake wanashughulikia sekta zilizogatuliwa. Hizo ni pamoja na kilimo, mifugo na uvuvi mdogo, elimu ya msingi, afya ya msingi, maji na usafi wa mazingira, barabara za mkoa, misitu, utalii, biashara, na kujikinga na maafa. Zahanati isiyo na dawa, kisima kilichokauka, shule iliyoezuliwa paa na kimbunga: hayo ni maswali halali ya mjumbe wa mkoa kwa gavana, na gavana anapaswa kuyajibu.

Katika mkoa wa watu takriban milioni 2.3, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2017, kazi hiyo si ndogo. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado Aprili 2019, na vita vilipowafukuza watu makwao hadi idadi ya waliohama kaskazini mwa nchi ikapita milioni moja mwaka 2022, ni shule na zahanati za mkoa zilizobeba mzigo wa kwanza.

Baraza pia linaweza kumwondoa gavana. Lakini rais naye anaweza, kwa sababu zilizotajwa katika Katiba: kuivunja Katiba, kufanya vitendo vinavyohatarisha umoja wa taifa, kukiuka mara kwa mara kanuni za bajeti na fedha, au kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai. Baraza lenyewe linaweza kuvunjwa na Baraza la Mawaziri likifanya makosa makubwa, uamuzi ambao hupelekwa kwenye Baraza la Katiba ili lipime uhalali wake. Mkono wa Maputo haukuondolewa mkoani; umewekewa masharti.

Viongozi wawili, mkoa mmoja

Sehemu inayowachanganya wananchi kuliko zote ni cheo kilichoanzishwa na mageuzi hayo hayo: Katibu wa Dola Mkoani. Huyu huteuliwa na rais na ndiye mwakilishi wa serikali kuu mkoani. Sheria yake ilitungwa Mei 2019 pamoja na sheria za magavana na mabaraza, na makatibu wa kwanza waliteuliwa Januari 2020. Cabo Delgado ilipelekewa Armindo Ngunga, mwanaisimu aliyekuwa naibu waziri wa elimu.

Gavana ana wakurugenzi wake. Katibu ana idara zake. Ukichukua sekta ya afya peke yake, kurugenzi ya gavana inashughulikia huduma ya msingi, ilhali idara iliyo chini ya katibu inashughulikia hospitali na mambo mengine yaliyobaki mikononi mwa serikali kuu. Mgonjwa anayeandikiwa kwenda hospitali kutoka zahanati ya kijiji amevuka, pasipo kujua, mpaka wa mamlaka mbili. Barabara, ardhi, mazingira na shughuli za uchumi nazo zina ofisi mbili mbili. Wachambuzi na asasi za kiraia nchini Msumbiji wamelalamika tangu mwanzo kwamba mpango huu unagharimu mara mbili na unawaacha watumishi wasijue wamfuate nani. Wanaoutetea husema nchi ni moja na dola lazima liwe na mtu wake kila mahali. Hoja ya pili ina uzito wake, lakini haielezi kwa nini mtu huyo ahitaji ofisi katika kila sekta aliyokabidhiwa gavana.

Kwa baraza, tatizo ni mahususi zaidi. Linaweza kumwita gavana ajieleze. Katibu, anayesimamia vyombo na fedha nyingi za dola mkoani, hajibu mbele yake, bali mbele ya serikali iliyomtuma.

Gesi, ardhi na usalama

Hapa ndipo mkazi wa Mute anapokuta mpaka wa kura yake. Katiba baada ya mageuzi ya 2018 imeyaacha kwa serikali kuu mambo yafuatayo, miongoni mwa mengine: ulinzi, usalama na utulivu wa umma, udhibiti wa mipaka, uhusiano na nchi za nje, sarafu, uanzishaji na ubadilishaji wa kodi, madini na nishati, na maliasili zilizo ardhini, chini ya ardhi na baharini.

Matokeo yake yanaonekana wazi Palma. Wanajeshi wa Rwanda walipowasili Julai 2021, na ujumbe wa kijeshi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ulipokuwa Cabo Delgado tangu mwezi huo hadi Julai 2024, makubaliano yalikuwa kati ya serikali na serikali. Baraza la mkoa halikuwa na kura katika jambo hilo. TotalEnergies ilisimamisha mradi wake Aprili 2021 kwa kutaja sababu zilizo nje ya uwezo wake, ikaondoa tangazo hilo Novemba 2025. Mazungumzo ya masharti na gharama yalikuwa kati ya kampuni na Maputo. Kundi linaloendesha mashambulizi, ambalo wenyeji huliita Al-Shabaab ingawa si lile la Somalia, limekuwa likisemwa na watafiti wengi kuwa lilipata wafuasi kutokana na hisia za vijana wa pwani kwamba utajiri unapita mbele ya macho yao ukienda kwingine. Chombo walichokichagua ili kisemee mambo yao hakina mamlaka juu ya jambo hilo.

Ardhi ya mradi inasimulia habari hiyo hiyo kwa hesabu. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, ardhi yote ni mali ya dola, na wanaoishi juu yake kwa mila na desturi wana haki ya kuitumia hata bila hati. Sheria hiyo ilimpa gavana uwezo wa kuidhinisha matumizi ya hadi hekta 1,000. Zaidi ya hapo hadi 10,000 ni kwa waziri. Na zaidi ya 10,000 ni kwa Baraza la Mawaziri. Eneo la Afungi lililotolewa kwa mradi ni takriban hekta 7,000. Hata kama gavana wa kuchaguliwa angekuwepo wakati lilipotolewa mwaka 2012, uamuzi huo ungempita juu ya kichwa. Familia zilizohamishwa zilijengewa kijiji kipya cha Quitunda, na wale waliokuwa wakiishi kwa bahari na mashamba wakajikuta wakijadiliana fidia na kampuni na maofisa wa serikali.

Kuna mlango mmoja ambao fedha za gesi zinaweza kupitia kwenda mkoani. Tangu mwaka 2013 sehemu ya mapato ya kodi ya uzalishaji wa madini na petroli, asilimia 2.75, imekuwa ikitengwa kwa jamii za maeneo yanakochimbwa. Baadaye kiwango cha jumla kilipandishwa hadi asilimia 10, ambapo 7.25 ni za maendeleo ya mikoa na wilaya husika na 2.75 zikabaki za jamii. Usafirishaji wa gesi ya bonde la Rovuma kupitia mtambo unaoelea wa Coral Sul ulianza Novemba 2022, kwa hiyo swali la fedha hizo zimeingia ngapi na zimetumikaje si la kubuni tena. Baraza haliwezi kuubadilisha mkataba wa gesi. Linachoweza ni kuuliza kila mwaka, bajeti inapoletwa, shilingi hiyo iko wapi. Na mjumbe asiyeuliza hana wa kumsingizia.

Vita vinapohamisha viti

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba vita vimegusa hata hesabu ya uwakilishi. Viti vya baraza hugawanywa kati ya wilaya kwa kufuata idadi ya walioandikishwa kupiga kura, na mtu huandikishwa pale anapoishi. Aliyekimbia kutoka Palma akaandikishwa Metuge, Montepuez au Pemba huhesabiwa huko, na huongeza uzito wa wilaya iliyompokea. Wilaya iliyokimbiwa hupungukiwa na sauti wakati ule ule inapohitaji shule na visima vyake vijengwe upya.

Mwaka 2019 baadhi ya vituo vya kupigia kura katika wilaya zilizoshambuliwa havikufunguliwa. Kufikia uandikishaji wa mwaka 2024 maelfu walikuwa wamerejea Palma, huku wengine wa kusini mwa mkoa, hususan Chiúre, wakiwa ndio kwanza wanakimbia mashambulizi ya Februari mwaka huo. Uandikishaji hufuata kalenda ya uchaguzi, nayo haisubiri watu warudi makwao.

Wilaya: ngazi iliyoahirishwa

Makubaliano ya 2018 yaliahidi zaidi ya mkoa. Katiba ilitamka kwamba uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya wilaya ungefanyika mwaka 2024. Kwa Mute hilo lingekuwa na maana kubwa kuliko mabadiliko ya Pemba, kwa kuwa ofisi ya wilaya ndiyo ya karibu.

Uchaguzi huo haukufanyika. Serikali iliunda tume ya kutafakari kama unafaa, na mwanzoni mwa Agosti 2023 Frelimo, iliyokuwa na viti 184 kati ya 250 bungeni, iliibadilisha Katiba ili uchaguzi wa wilaya ufanyike pale mazingira yatakaporuhusu, pasipo kutaja mwaka. Gharama na uwezo wa nchi ndizo sababu zilizotolewa. Renamo ilipinga, ikisema ahadi iliyofikiwa na Dhlakama imevunjwa. Nchi yenye wilaya 154 bila shaka ingelipa gharama kubwa. Lakini kifungu cha Katiba kisicho na tarehe hakimbani mtu yeyote.

Kwa hiyo mkuu wa wilaya ya Palma huteuliwa. Chini yake kuna mabaraza ya ushauri yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambamo wazee, viongozi wa dini, wanawake na vijana hukaa na maofisa wa serikali. Mabaraza hayo yalipata umaarufu kuanzia mwaka 2006, kila wilaya ilipotengewa meticais milioni saba za miradi midogo, nayo yakawa na neno katika kuamua nani akopeshwe. Ni ya ushauri, na wajumbe wake hawapigiwi kura na umma.

Majirani wanafanyaje

Wengi wa Palma wana ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, Mtwara. Huko Tanzania Bara hakuna baraza la mkoa la kuchaguliwa hata kidogo. Mkuu wa mkoa ni mteule wa rais, na kura ya mashinani humchagua diwani wa halmashauri ya wilaya au mji. Mtwara nayo ina gesi, na mwaka 2013 ghasia zilizuka mara mbili, Januari na Mei, kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha. Hapakuwa na chombo cha mkoa ambamo ubishi huo ungepelekwa.

Zanzibar iko upande mwingine kabisa wa mizani. Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, hutunga sheria kwa mambo yote yasiyo ya Muungano. Baada ya sheria ya petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 kuiachia kila upande isimamie mafuta na gesi yake, Baraza hilo lilitunga sheria yake mwaka 2016. Baraza la Cabo Delgado halina uwezo wa kutunga sheria ya namna hiyo.

Kenya ndiyo inayofaa zaidi kulinganishwa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 ina kaunti 47, na Katiba ya 2010 inazihakikishia kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Muhimu zaidi, gavana huchaguliwa kwa karatasi yake na wawakilishi wa wadi kwa yao. Bunge la kaunti linaweza kuwa la chama kingine, na limewahi kuuma: Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waling'olewa mwaka 2020, mmoja Januari na mwingine Desemba, baada ya Seneti kuthibitisha uamuzi wa mabunge ya kaunti zao. Msumbiji gavana na wengi wa wanaomsimamia wametoka katika orodha moja, iliyopangwa na chama kimoja. Si sheria inayowazuia kumbana. Ni kwamba anayembana leo ndiye atakayeomba kuwekwa tena kwenye orodha kesho.

Kinachojadiliwa sasa

Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2024, Rais Daniel Chapo na viongozi wa vyama vya siasa walitia saini makubaliano ya mazungumzo ya kitaifa tarehe 5 Machi 2025, na mwezi uliofuata Bunge likayapa nguvu ya sheria. Mabadiliko ya Katiba, mfumo wa utawala na ugatuzi vimo katika ajenda. Mambo ya mikoa yaliyoachwa bila jibu tangu 2018 yamerudi mezani: katibu wa dola abaki au aondoke, uchaguzi wa wilaya urejeshewe tarehe au usirejeshewe, na mkoa upewe neno gani katika maliasili zake.

Hadi hapo yatakapobadilishwa, mkazi wa Mute mwenye shida anapaswa kujua aende wapi. Kisima, zahanati, darasa na barabara ya mkoa ni vya gavana, na mjumbe wa baraza kutoka wilaya ya Palma ana haki ya kuvihoji kikaoni Pemba. Hati, mipaka, polisi na hospitali kubwa ni vya katibu. Mkuu wa wilaya hupokea malalamiko ya pande zote mbili. Fidia ya ardhi ya Afungi, vituo vya jeshi na masharti ya gesi huamuliwa Maputo, na huko kura inayomfikia mhusika ni ya mbunge na ya rais, si hii ya tatu.